Beki wa Ubwari alinipisha

Bandugu, leo nimefunga bao, na niko nasikia haya mupaka sasa!

Mwajua nilishasema mechi ya leo hapa Baraka ni yangu ya mwisho. Miaka makumi ine na kitu, magoti inalia kama mulango.

Bon. Tuko zero-zero, mupira unanifikia. Mbele yangu iko ule beki wa timu ya Ubwari, kijana mwenye alikuwa anaangusha benzangu bote kama migomba. Nikasema, leo nimekwisha.

Akasimama.

Akainamisha kichwa, akatoka mu njia!

Nikapiga. Bao! Bantu banaingia mu uwanja, bananibeba juu juu.

Kisha mechi namufata: "We kijana, juu ya nini umenipisha?"

Macho yake chini: "Papa, muntu hawezi kugongana na baba-mukwe wake. Samedi bazee bangu banavuka ziwa na mutumbwi, banakuja kwenu juu ya kuposa Furaha."

Furaha ni binti yangu. Mungu wangu! Nyumba yote balijua, mi tu sikujua. Mama yake anacheka, ati alingoja kwanza mechi iishe!

Na sasa kocha anapiga simu: "Muzee, miguu ingali iko! Usiache! Dimanche, kisha misa, tunarudiana na Ubwari kule kwabo!"

Fikirini kidogo. Samedi nikikubali posa, kesho yake dimanche ule kijana atanipisha tena.

Nikikatala, mi si baba-mukwe wake tena. Na nilimuona leo namna anaangusha bantu.

Bandugu, nicheze ao niache?