Alama Kwenye Msuka

Mdogo wangu Yotham hutembea porini na mashine ya kutafutia dhahabu, aliyoazimwa na mfanyabiashara wa hapa Mpanda. Mashine ikilia, wenzake wakichimba na kukuta chuma cha kale, hukitupa. Yeye hukileta nyumbani. Watu wa kwetu Kawajense humwita Bwana Kutu.

Wacheke tu. Marehemu baba yetu, Manyanda, alikuwa mhunzi kule kijiji cha zamani, kabla hatujahamishwa, na hakuna hata jembe lake moja lililobaki kwetu. Kila jembe alilichanja mikato miwili kwenye msuka, ule mkia unaoingia kwenye mpini. Yotham alikuwa bado mtoto wa mgongoni. Aliyevukuta moto na kuiona alama ile ni mimi.

Mwaka 1996, masika yalipokwisha, Yotham alikuja na jembe amelifunga kwenye kanga kuukuu kama kichanga. Kutu ilikuwa imelivimbisha kama andazi.

"Dada, limetoka palepale uliponielekeza, penye tanuri la baba. Usiuguse msuka. Nalikausha kwanza kichanjani juu ya moto, halafu nalichovya kwenye nta ya nyuki. Ukiliharakisha linakuwa unga."

"Na alama?"

"Kutu ikishakauka utanisomea wewe. Nani mwingine?"

Hofu ikaniingia. Nikisema ndiyo, kumbe siyo? Kila siku nilikwenda kwake kulichungulia.

Siku ya tisa alikwenda kwa warina asali kutafuta nta. Nilipofika, nilimkuta mke wake, Dorice, uani, akilisugua jembe kwenye beseni kwa mchanga, limau na gunzi la hindi.

"Karibu, wifi! Nyie mngesomaje alama kwenye uchafu huu? Kwetu jembe halilali ndani na udongo. Mama angenisema."

"Dorice, acha!"

Aliacha. Msuka haukuwepo tena. Ulikuwa ndani ya beseni, magamba matupu kwenye maji mekundu.

"Uliona mikato?"

"Niliona kutu, wifi. Ningejuaje?" Akaanza kulia. Sikuweza kumgombeza. Hata mimi, nisingeonywa, ningeliosha.

Yotham alirudi na nta kwenye jani la mgomba. Akalitazama beseni. Akampita mke wake. Akanigeukia mimi.

"Dada, ulikuwa unalitazama kila siku. Ni la baba?"

Nikaliinamia beseni, nikayageuza magamba kutafuta mikato.

Akayeyusha nta, akakichovya kipande kilichobaki, taratibu. Magamba akayachuja kwa ile kanga, akayatia kwenye kopo la maziwa. Mpaka leo liko kichanjani. Kila nikienda kwake hulishusha, hunifungulia, hungoja nimsomee.