Chaka-chaka ya pikipiki ya Muleba

Jamani, leo nimerukishwa kama mtoto wa chekechea mbele ya bodaboda wa Bilele!

Jana nilinunua pikipiki iliyotumika kwa mzee mmoja Muleba. Njia nzima kurudi Bukoba nasikia chaka-chaka, chaka-chaka.

Nikajua injini imekwisha.

Asubuhi nikampigia mzee kwa hasira: umeniuzia kimeo! Akajibu taratibu, "Ipeleke kwa fundi, mwanangu."

Fundi akakagua breki, mnyororo, oili, plagi. Akaiendesha mpaka Kibeta na kurudi.

Kimya.

Nikapanda mimi. Chaka-chaka!

Fundi akanitazama. "Shuka. Haya, ruka."

Niruke?

"Ruka!"

Nikaruka. Chaka-chaka!

Mfukoni mwa koti langu kulikuwa na kopo la punje za kahawa kavu za kutafuna. Mzee alinipa jana kama mgeni wake, nikalisahau palepale.

Bodaboda walicheka hadi wakakaa chini. Na nyie nichekeni tu, nimestahili. Pikipiki yangu ni nzima!

Nikampigia tena mzee. "Waitu, mzee wangu, nisamehe..."

Hakuningoja nimalize.

"Na ile kahawa, umeionja?"