Pua ya Geneviève

Miaka thelathini na moja Geneviève alikaa kwenye kiti kimoja cha mbao, mlangoni mwa depo ya samaki ya chumvi, hapa Bunia, na hakuna gunia lililoingia bila kupita mbele ya pua yake. Lori likifika kutoka Kasenyi, kwenye ziwa, wabebaji wanashusha, yeye anachukua kijiti cha mwanzi, anamchoma samaki karibu na mfupa wa mgongo, anakivuta, ananusa. "Hii iingie." "Hii irudi kwao." Basi. Muzee Baudouin, mwenye depo, hakuwa akiongeza neno. Hata mwaka ule vita ilipoingia mjini tukalala porini, siku ya kufungua tena Muzee alituma watu wamtafute Geneviève kwanza, ndipo akatafuta kufuli.

Muzee alikufa, depo ikabaki kwa mtoto wake Hippolyte. Mwezi wa saba, vakansi kubwa za shule zilipoanza, Hippolyte akaleta msichana mwenye viatu vyeupe na daftari mkononi.

"Mama Geneviève, huyu ni Gracieuse. Anasoma biashara kwenye université. Iko hapa kwa staji, miezi mbili. Umufundishe kazi yote."

"Siku hizi kunusa samaki wanakusomea université?"

Wabebaji walicheka. Gracieuse naye alicheka, akamsalimu kwa mikono miwili. Kwao Djugu walikuwa watu wa maharagwe na viazi. Vita iliwatoa, sasa aliishi na mama yake chini ya bashi la plastiki, kwenye kambi ya wakimbizi. Samaki alimjua kwenye sahani tu. Lakini chuo kilitaka karatasi yenye muhuri wa patron, kuonyesha amejifunza kazi, na depo hii ndiyo iliyomkubali.

Juma la kwanza alitapika kila asubuhi.

"Tapikia kule," Geneviève alimwambia. "Samaki haijakukosea kitu."

Alimfundisha kwa ukali, jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa. Alimfunga macho kwa kitambaa, akamnusisha kijiti hata mara hamsini kwa siku, na akikosea alimrudishia kilekile. Mwezi wa nane ulipofika katikati, msichana alikuwa na pua. Geneviève alianza kumwachia nafasi kando yake, na saa sita walikula viazi kwenye bakuli moja.

Ndipo Hippolyte alipokuja, akasimama mbele ya kiti.

"Mama, staji ikiisha utapumuzika. Gracieuse atabaki pahali yako. Nilimuahidi kazi."

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Yeye iko na pua na kompyuta. Weye uko na pua tu."

Wabebaji waliangalia chini. Geneviève alimgeukia msichana. "Ulijua?"

"Mama, mi sikuomba kiti yako," Gracieuse alisema, akishika daftari lake kifuani. "Aliniahidi kazi. Sikuuliza ni kazi ya nani."

Geneviève alimaliza kiazi chake polepole, akafunga bakuli.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa bado amemfundisha. Hata Hippolyte hakulijua. Wasafirishaji wengine, wakiogopa funza njiani, wanapulizia samaki dawa ya kuua wadudu. Chumvi inafunika harufu, kijiti kinatoka safi. Nzi peke yao ndio wanaojua. Zamani Geneviève aliona magunia ambayo nzi hawakuyagusa, akayaruhusu kwa kuwa hayakunuka; mwenzake mmoja wa soko alikula, wakamzika. Tangu siku ile aliangalia nzi kabla ya kunusa, na hakumwambia mtu.

Jumamosi ya mwisho ya staji lilifika lori lenye magunia saba.

"Leo Gracieuse anapima peke yake," Hippolyte alisema.

Geneviève alisimama ukutani, mikono ndani ya kitenge. Msichana alichoma, akanusa, akachoma tena. Uso ukamng'aa.

"Patron, angalia hii samaki ya kapiteni. Safi kabisa, hata nzi haigusi."

"Iingie," Hippolyte alisema kwa furaha.

Muzee Baudouin aliacha desturi kwenye depo ile: anayepitisha magunia anachukua samaki wa kwanza, akamle kwake, watu waone kama anaamini pua yake. Gracieuse alichagua mkubwa, akamfunga kwenye karatasi.

"Mama yangu leo atakula kapiteni. Tangu tutoke Djugu hajagusa." Halafu akasogea karibu na ukuta. "Mama Geneviève, nimepima muzuri?"

Geneviève aliangalia karatasi ile. Mdomo ulifunguka. Nyuma ya msichana alikiona kiti, na daftari limewekwa juu yake.

"Kiti ni yako sasa," alisema. "Uliza pua yako."

Jumatatu Gracieuse hakuonekana. Jumanne jirani wa kambini alileta habari: mama yake alikufa Jumapili, yeye mwenyewe yuko hospitali. Walikula samaki, povu likawatoka.

Geneviève alimwita Hippolyte, akamtembeza depo nzima. Kila pahali nzi walivuma. Juu ya magunia saba hakukuwa na hata mmoja. "Dawa ya wadudu," alimwambia.

Hippolyte aligeuza gunia moja, akaliachia. "Ulijua tangu Jumamosi."

"Uliniambia nipumuzike."

Kabla ya saa sita magunia yalipakiwa kwenye lori la kwenda Ariwara, ambako hakuna anayejua jina la depo. Geneviève aliliona likiondoka, akanyamaza tena. Kesho yake alikuwa kwenye kiti.

Mwezi wa kumi Gracieuse alikuja kutafuta muhuri. Viatu vilikuwa vilevile, miguu imekonda, karatasi mkononi.

"Staji gani?" Hippolyte alimwambia kutoka ndani. "Uliniulia jina. Sitatia muhuri."

Msichana alirudi mlangoni, akasimama mbele ya kiti, kivuli chake juu ya gunia lililofunguliwa.

"Mama, ulijua?"

Geneviève alichoma samaki, akavuta kijiti, akanusa kwa makini.

"Sogea, mwana," alisema. "Unanifukuzia nzi."

Gracieuse aliwatazama nzi wakirudi kutua juu ya samaki, mmoja mmoja. Geneviève aliinua mkono kwa wabebaji.

"Hii iingie."