Betri Iliyopashwa Moto

Watu wanaojenga hunisimamisha njiani kuniuliza kama sola inalipa, maana mimi ni miongoni mwa wa kwanza kuwa nayo huku Kinyala. Nawajibu kwamba inategemea jua, na jua la Rungwe lina maringo. Wanacheka, naenda zangu. Nimechoka na swali hilo. Lile ninalopaswa kulieleza sijawahi kumweleza mtu.

Niliinunua miaka ile ya soko huria, kiwanda cha chai kilipopata mwekezaji na sisi makarani tukapunguzwa. Tulipewa kiinua mgongo. Wenzangu wengine walinunua mashine za kusaga, wengine walikunywa pombe mpaka pesa zikaisha. Mimi nilikuwa nakaa na mama, nyumbani kwake, na macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Kila jioni alisoma Biblia kando ya koroboi huku machozi yakimtoka kwa moshi, na asubuhi akipenga kamasi zinatoka nyeusi. Nilitaka asome bila kulia, basi. Nikaenda Mbeya mjini, nikarudi na paneli moja, betri ya gari na taa mbili, na kiinua mgongo chenyewe kikawa kimeishia hapo.

Fundi alikuja kufunga mwezi wa kumi, jua likiwa kali. Akanionya kwamba kitaa cha kijani kwenye kifaa cha kuchajia kikigeuka chekundu, betri inaishiwa, nizime kila kitu. Nikasema sawa. Jioni ile mama alisoma zaburi tano bila kupangusa macho, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe, nikajiona mtu wa maana.

Kisha mvua zikaanza, na mvua za kwetu zikishaanza hazina habari na mtu mpaka Mei. Taa ikawa inafifia kila siku. Badala ya kuzima, nikaunganisha na redio kaseti. Sikuwa na kazi, na wenzangu tuliopunguzwa pamoja walikuwa wanakuja kusikiliza mpira. Kitaa chekundu kikiwaka nilikuwa nakifunika kwa kofia. Sikutaka waone kwamba umeme wangu nao una kikomo.

Asubuhi moja, ukungu umetanda mpaka mlangoni, nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda sebuleni, jiko la mkaa mbele yake. Betri ilikuwa kando ya jiko, ameifunga kitenge chake. Alikuwa anaipasha moto. Huku wote tunafanya hivyo na betri za redio zikichoka. Tunazianika juani, au kama jua hakuna tunaziweka karibu na moto zipate nguvu. Plastiki ya upande mmoja ilikuwa imelainika na kubonyea.

"Nimeamka mapema," akaniambia, "ili jioni wenzako wasikose mpira."

Nilimfokea. Nilimwambia ameniua, ameteketeza jasho langu la miaka yote ya kiwandani, hajui kitu, na asiguse tena kitu cha watu. Cha watu, ndivyo nilivyosema, kwa mama yangu mzazi. Akafungua kitenge taratibu, akakikung'uta.

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

Fundi alipokuja kuipima, mama alikuwa kwenye migomba.

"Kaka, hii haikufa kwa moto," akasema. "Kubonyea hivi si kitu. Mmekuwa mnainyonya mpaka mwisho kila siku, ndiko kulikoiua."

Nikamsindikiza haraka, asije akayarudia hayo mbele ya mama.

Niliuza redio kaseti, nikanunua betri nyingine. Taa ikawaka. Lakini mama hakugusa tena swichi. Jioni alikaa gizani na Biblia mapajani mpaka nirudi, ndipo aulize, "Mwanangu, naruhusiwa kusoma?"

"Washa, mama. Taa ni yako."

"Ndaga," alikuwa akinijibu, yaani asante, kama mtu aliyekaribishwa kwa jirani. Halafu alisubiri niwashe mimi.

Aliishi miaka sita baada ya hapo, na hakuacha kuuliza. Kila jioni nilikuwa na nafasi ya kumwambia ni nani aliyeiua ile betri, na kila jioni niliwasha taa, nikatoka nje.