Viti vya Wasike

Wasike alikuwa na kazi ambayo hakuweza kuieleza kwao. Kila Jumapili, kwenye klabu ya mashua karibu na Dunga, Kisumu, alitoa viti vya turubai ghalani, akavipanga mchangani vikielekea ziwani, kisha akasimama kando. Wazungu walikuja na wake zao. Walikaa, wakatazama maji. Jua likizama walikwenda zao, naye akavirudisha viti ghalani. Kazi nyepesi, utasema, lakini jaribu kumweleza baba mkwe.

Baba mkwe mwenyewe alikuwa bado wa kutarajiwa tu: Khaemba, mzee wa kanisa huko Kimilili. Binti yake Nelima ndiye ambaye Wasike alimtaka, hapana mwingine. Mwaka wa sitini na tatu alimtuma rafiki yake Waliaula, mfanyabiashara wa mahindi pale Mamboleo, apeleke posa. Kwa Kibukusu Wasike hakupata neno la mtu mzima kwenda kukaa mbele ya maji bila haja yoyote, kwa hiyo alimpa la Kiswahili: watu huja pale kupunga upepo. Waliaula alifika Kimilili akasema kupunga pepo. Na Khaemba aliwahi kufanya kazi Mombasa. Alijua vizuri pepo hupungwa vipi, na kwa ngoma zipi. Posa ilikwama hapo hapo.

Wasike aliomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe kunyoosha mambo.

"Si pepo, Baba. Ni upepo. Watu wanakuja kukaa tu."

"Wanavua samaki?"

"Hapana."

"Wanachota maji?"

"Hapana, Baba. Wanaangalia."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naangalia viti yao."

Pepo Khaemba aliweza kuwaamini. Hili lilimshinda kabisa. Ni Nelima aliyesema, kutoka jikoni, kwamba ataenda kuona kwa macho yake, na baba akakubali, mradi afuatane na shangazi yake Nasambu, ambaye kwao humwita Senge. Wasike alirudi Kisumu moyo mweupe.

Ila ziwa lilikuwa na mambo yake. Mvua za miaka ile zililijaza hadi likapanda nchi kavu, na kufikia sitini na nne mchanga wote ulikuwa chini ya maji. Klabu nayo ilibaki jina tu. Wanachama waliuza nyumba zao, wakarudi kwao Ulaya. Wasike aliachiwa amri moja, na hapakuwa na mtu wa kuibadilisha: Jumapili, toa viti. Basi alivitoa. Alivipanga kwenye nyasi karibu na maji, akasimama kando yake kama zamani.

Ndivyo walivyomkuta. Nasambu alivitazama viti vile, vyote vitupu, vyote vimeelekezwa majini, na mwanamume mmoja amesimama kwa adabu kana kwamba anangoja kutumwa.

"Hawa wamekalia hizi viti ni akina nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu, Senge. Wageni wamekosa kuja."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Nasambu hakungoja zaidi. Alipanda mbio hadi barabarani, akiomba kwa sauti.

Nelima alibaki. Aliketi kwenye kiti kimoja, na kwa muda ule mfupi hapakuwa Kisumu nzima na mtu mwenye furaha kumshinda Wasike. Alimwonyesha vilima vya ng'ambo. Alimweleza jinsi watu watakavyorudi maji yakishuka. Nelima alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akakung'uta rinda lake.

"Senge anaogopa pepo," alisema. "Mimi sijaona pepo. Nimeona wewe. Unasimama hapa siku mzima peke yako, na huoni kama kuna kitu mbaya. Hiyo ndio naogopa, Wasike."

Akapanda barabarani kumfuata shangazi yake. Mwaka uliofuata Nelima aliolewa Port Victoria, na Waliaula, yule yule, ndiye aliyeleta habari.

Watu walirudi kweli. Maji yalishuka, na miaka ya sabini ilipoingia mji mzima ulikuwa umeligundua ziwa lake: makarani, walimu, wauguzi na wachumba wao, soda mkononi, redio begani. Hata watu wa Kimilili sasa walilijua neno la kupunga upepo, na walilitamka bila kukosea. Viti havikutosha tena. Vijana walimwita Wasike Mzee ingawa hakuwa mzee, wakamtania, wakamwachia sambusa. Upweke ulimuuma Jumapili hizo kuliko zile za viti vitupu, maana sasa kila aliyekuja alikuja na mtu wake. Na walipomwuliza mama watoto yuko wapi, aligeuka kutazama barabarani, akawaambia bado hajafika.