Tuliingiza CD za familia kwenye kompyuta, tukapoteza ubatizo wa Wangari

Wakuu, habari za jioni.

Nimeona jamaa hapa akiuliza njia rahisi ya kuhamisha CD zake za zamani ili azitazame kwenye TV bila kusumbuka. Nikaona nisimjibu kwa mistari miwili. Nitasimulia yaliyotupata sisi Ruiru mwishoni mwa miaka ya tisini. Sijaongeza chumvi, na mume wangu amesoma kabla sijapost. Amekubali yote isipokuwa pale nitakaposema yeye ni mbishi.

Ni mbishi.

Anaitwa Kariuki. Tulianzia maisha Thika, nyumba ya kupanga kule Kiganjo, baadaye tukajenga Ruiru. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akaja kukaa nasi. Tangu nizae nimekuwa nikimwita Cucu kama watoto wanavyomwita nyanya yao, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Jina lake ni Wangari. Wasio Wakikuyu wanisikilize vizuri, maana shida yote ilianzia hapa.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo msichana wangu wa kwanza ni Wangari. Ndung'u, ndugu ya Kariuki, naye msichana wake wa kwanza ni Wangari. Ukiita jina hilo kwenye sherehe ya familia wanageuka watatu, mmoja ameshika mkongojo.

Na si jina tu. Mtoto akipewa jina lako, yeye ni wewe. Kariuki alikuwa anamwita binti yetu "mami" akiwa bado kwa nepi. Guka, yaani baba mkwe, alikuwa anamwita "mke wangu", na kila akija kututembelea anamletea ndizi mbivu kama kijana anayechumbia.

Sasa tuje kwa CD.

Miaka hiyo kila sherehe ilikuwa na mtu wa video. Baadaye unapeleka kanda studio Thika mjini, wanakutolea CD. Ukienda kwa mtu kumtembelea, kabla chai haijachemka umeshawekewa CD ya harusi, upende usipende. Sisi tulikuwa na rundo: harusi, ruracio (yaani sherehe ya mahari), ubatizo, mazishi.

Siku ya ubatizo wa Wangari wetu, Guka alipewa nafasi ya kusema. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akimwambia Cucu asante. Siku hiyo alimpakata mtoto akamwambia kwa Kikuyu, nawatafsiria:

"Wangari, mke wangu. Wewe umekuja huna meno na mimi naondoka sina meno, kwa hivyo tutaelewana. Nilikupigia kelele miaka mingi, na hukuwahi kuninyima chakula. Unisamehe."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, nikidhani ni utani wa babu na mjukuu.

Cucu hakucheka kwa sababu hakuwepo. Alikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wengine, wakipakua chakula. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mwaka uliofuata Guka akafariki.

Kwa hivyo Cucu aliyasikia maneno hayo mara ya kwanza kwenye CD, akiwa tayari mjane. Akaniomba nirudishe nyuma. Kuanzia hapo alikuwa anaitazama karibu kila siku baada ya chakula cha mchana.

Shida ni kwamba mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kutoa CD kwenye deki na kuweka nyingine ilikuwa kazi. Zilianguka, zikachubuka, na picha ikaanza kukwama. Hapo ndipo Kariuki akapata wazo lake.

Alinunua kompyuta ya mkono wa pili kutoka kwa mwanafunzi wa chuo kule Juja aliyekuwa anamaliza masomo. Ilikuwa na kadi yenye tundu la kuunganisha waya hadi kwenye TV. Alitaka CD zote zikae ndani ya kompyuta, kila moja kwenye folder yake, ili Cucu abonyeze tu. Siku hizi mtaona ni kitu kidogo, lakini wakati huo majirani walikuja kutazama kompyuta ikicheza kwenye TV wakaondoka wakitikisa kichwa.

Hard disk yenyewe ilikuwa ndogo, hata simu ya mtoto leo inaishinda. Sinema tukaziacha, tukaingiza za familia peke yake. Kila CD ukiifungua, faili ya video ina jina lile lile, kwa hivyo lazima uibadilishe jina. Kariuki akawa anaandika vile studio ilivyoandika juu ya CD kwa kalamu.

Mmeshaelewa tunakoelekea.

Kulikuwa na CD mbili zimeandikwa "Ubatizo wa Wangari". Moja ya binti yetu kule Thika, nyingine ya binti ya Ndung'u, iliyofanyika Ruiru baada ya Guka kufariki. Kariuki alipoingiza ya pili, kompyuta ikamuuliza kama iweke mpya mahali pa ile ya zamani. Wiki hiyo stima ilikuwa inapotea ovyo, akadhani ya zamani ni nakala iliyokatikia katikati. Akabonyeza ndiyo.

Nilimwambia tuzitazame zote kwanza kabla ya kutoa CD ndani ya nyumba. Akaniambia kompyuta haisahau.

Basi Cucu akazichukua zile CD zote akazitoboa, akazifunga kwa kamba na kuzitundika kwenye shamba lake la mboga nyuma ya nyumba, zing'ae zifukuze ndege. Alifurahi sana, maana ndege walikuwa wamemaliza sukuma yake.

Tulikaa karibu mwezi hivi. Cucu alikuwa na mafua, hakuwa anakaa sebuleni. Alipopata nafuu akaja, akakaa, akabonyeza mwenyewe. Jina lake alijua kulisoma.

Ikaanza. Kanisa lingine, mtoto mwingine.

Cucu alitazama mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Kariuki, akasema polepole, "Huyu ni Wangari wa Ndung'u. Mimi wa Thika niko wapi?"

Kariuki akafungua kila folder. Nilimwona jasho likimtoka, na mtu huyo si wa kutoka jasho. Nilikuwa na hasira naye, lakini nilimhurumia pia. Tukapiga simu studio, wakasema kanda za zamani walirekodi sherehe zingine juu yazo kitambo.

Ikabaki shamba.

Tulitoka sote watatu, tukakata kamba moja baada ya nyingine. Mvua ilikuwa imefuta maandishi, na jua lilikuwa limezichoma hadi zingine zikapauka. Tukaziosha kwa maji na sabuni, tukazipanguza na kuanza kujaribu. Nyingi kompyuta ilizitema. Zingine zilinguruma tu ndani bila kuonyesha kitu.

Tulipoifikia yenyewe hatukuijua kwa macho. Cucu alikuwa ametoboa pembeni kabisa, nje kidogo ya sehemu yenye video, na hilo ndilo liliiokoa. Kwenye TV kulikuwa na vibox vya rangi vimechanganyika, huwezi kusema huyu ni mtu au ni pazia. Lakini sauti ilikuwa inatoka. Ilikatika, ikarudi, ikakatika tena.

Halafu tukamsikia Guka: "Wangari, mke wangu."

Kariuki akaikopi hapo hapo kabla haijafa. Sehemu ya meno ilipotea kabisa. Sehemu ya kelele na chakula ikabaki, na lile neno la mwisho likabaki. Picha haikurudi. Akaanza kumwomba mama yake msamaha, kwamba atamtafuta mtu Nairobi wa kurekebisha picha, kwamba atafanya hivi na vile.

Cucu alimwambia aache.

"Sura yake ninayo," alisema. "Sauti ndiyo nilikuwa nimeanza kuisahau."

Alikuwa anaisikiliza akiwa amefumba macho, hadi alipotuacha. Nikikumbuka bado nalia, nisiwadanganye.

Sasa jamaa uliyeuliza, jibu lako ni hili. Usiipe folder jina la mtu peke yake, hasa kama nyinyi ni watu wa kurithishana majina. Andika mtoto wa nani, wapi, sherehe gani. Kompyuta ikikuuliza kama ifute ya zamani, kataa kwanza uangalie. Na usitoe CD nyumbani mpaka utazame kila faili kutoka mwanzo hadi mwisho, hata hotuba ndefu za wazee. Hasa hizo.

Wakuu, kama kuna yeyote mwenye CD ya mzazi aliyeondoka imelala kwenye kabati, nendeni mkaisikilize leo. Halafu rudini hapa mtuambie alisema nini.