Mahali Ambapo Panya na Bakteria Wanakubaliana

Ipo siku moja siisahau, mwanangu. Na usicheke: wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha sita, ndevu tatu ninazo. Nina haki ya kukuita mwanangu.

Mwalimu wetu wa bayolojia alijaza ubao majina ya asidi amino, zile shanga zinazoungana kuwa kimeng'enya. Safu ya juu ilikuwa ya bakteria, ya chini ya panya. Vimeng'enya vyote viwili kazi yao moja: kubandika alama ndogo ya methili kwenye DNA.

"Nyie mabingwa, mbona karibu kila kitu kimebadilika, ila hapa na hapa vilevile?"

"Walikopiana mtihani, mwalimu!"

Alicheka mpaka akafuta miwani. Kisha akagonga shanga moja, sisteini. "Hii ndiyo inayoikamata DNA alama ikibandikwa. Ibadilishe, kimeng'enya kitajikunja vizuri, kitapendeza, na hakitabandika kitu. Ndiyo maana mabadiliko ya hapo hayadumu."

Likizo nikaenda Mwakitolyo kwa mjomba Masanja, aliyeacha tumbaku Ushetu akajitosa kwenye dhahabu. Nikamkuta anafunga gogo la kuzungushia kamba ya kushushia watu shimoni. Binamu yangu Shija ndiye angeshuka. Kigingi cha kuzuia gogo lisirudi nyuma hakikuwepo.

"Kinachelewesha kazi," mjomba akasema.

Nikazunguka mashimo ya jirani. Huku gogo la mninga, kule bomba la chuma, pale mti uliopinda kama miguu yangu. Kigingi? Kote kipo. Nikarudi mbio.

"Mjomba, panya na bakteria wanakusalimu!"

"Bhebhe! Wewe, shule imekuharibu!"

Lakini nilipomweleza habari ya sisteini na vigingi vya majirani, alimtazama mwanawe aliyeshaanza kujifunga kamba. Akachukua panga, akachonga kigingi.

Alasiri, mjomba akimpandisha Shija, mpini wa gogo ukamponyoka kwa jasho. Gogo likanguruma, likagonga kigingi, likasimama. Kutoka shimoni ikapanda sauti ya Shija akitutukana ukoo mzima, na yeye akiwamo. Sijasikia matusi matamu kama yale. Mjomba alikaa chini, akalia na kucheka pamoja.

Basi, mwanangu, badilisha kaseti, badilisha mtindo wa suruali, hakuna atakayekufa. Ila ukikuta kitu ambacho wasiofanana kwa lolote wamekiacha vilevile, usikiguse kabla hujauliza kinashikilia nini. Mungu akukuze, akupe macho ya kuona na moyo wa kuuliza, na wote watakaouweka uhai wao mikononi mwako warudi nyumbani wazima.